Mkono Wenye Chuma Ukivunjika Tena, Andika Nini?

Nawaandikia mnaoshika kalamu katika hospitali za Arua na Koboko: tabibu anayeandika jina la ugonjwa, muuguzi anayefunga faili mgonjwa anaporuhusiwa, na karani wa kumbukumbu anayegeuza maneno ya daktari kuwa msimbo. Jambo lenyewe ni moja tu: kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kinapovunjika kwa mtu ambaye alishapasuliwa na kuwekewa chuma.

Tuseme leo wodi ya mifupa imepokea watu watatu. Wa kwanza ni kijana wa bodaboda aliyewekewa bamba miezi minane iliyopita. Ameteleza bafuni nyumbani kwao Koboko, na mfupa umevunjika palepale penye skrubu ya mwisho. Wa pili ni mama ambaye hakuanguka wala kugongwa. Alikuwa akitwanga muhogo, akasikia kitu kimekatika ndani ya mkono. Picha ya eksirei inaonyesha bamba limekatika katikati, na mfupa ulio chini yake haukuwahi kuunga tangu operesheni. Wa tatu ni mchuuzi aliyegongwa na lori akivuka barabara iendayo Oraba. Ana bamba la miaka mingi kwenye mfupa wa upande wa kidole kidogo, lakini uliovunjika leo ni ule wa upande wa kidole gumba, ambao haujawahi kupasuliwa.

Mara nyingi wagonjwa kama hawa huandikwa kwa maneno yaleyale, kwamba kigasha kimevunjika, kisha wote watatu hupewa S52.9, msimbo wa kigasha kilichovunjika bila maelezo zaidi. Mwisho wa mwaka wanahesabiwa kama ajali tatu zinazofanana. Anayepanga bajeti hataona kwamba mmoja amerudi kwa sababu chuma kilichoka, wala kwamba mwingine mfupa wake ulidhoofika pale bamba lilipoishia. Daktari aliyewatibu analijua hilo vizuri, ila ujuzi wake umebaki kichwani, na atakapohamishwa kwenda Gulu au Mbarara atauchukua.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kugusa orodha ya misimbo, uliza kilichoshindwa ni nini. Ni mfupa? Ni chuma? Ni kule kuunga? Au ni mkono mzima uliopatwa na ajali mpya isiyo na uhusiano na operesheni ya zamani? Swali hili hujibiwa kwa picha ya eksirei na kwa maneno ya mgonjwa, na anayepaswa kulijibu ni tabibu. Karani asiachiwe kubahatisha.

Mfupa ukivunjika jirani na chuma, kwa nguvu ndogo ambayo mkono mzima ungeivumilia, msimbo wake katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ni M96.6: kuvunjika kwa mfupa baada ya kuwekwa kipandikizi, kiungo bandia au bamba. Shirika la Afya Duniani limeruhusu kuongeza tarakimu ya sehemu ya mwili katika sura hii ya magonjwa ya mifupa na misuli, na tarakimu ya kigasha ni 3, hivyo utaandika M96.63. Huyo ni kijana wetu wa bafuni. Sababu ya mfupa kukatika pale inaeleweka: bamba ni gumu, mfupa una unyumbufu wake, na nguvu ya kuanguka hujikusanya mahali ugumu unapokoma. Ongeza tundu la skrubu mahali hapohapo, na mfupa una pa kuanzia ufa.

Chuma chenyewe kikikatika, kikipinda, skrubu zikilegea au pini ikihama kutoka mahali pake, msimbo ni T84.1. Chini ya M96.6 kitabu cha ICD-10 kina onyo linaloeleza wazi kwamba matatizo ya vyuma vyenyewe hayaingii hapo, yapelekwe T84. Wengi hulipita onyo hilo bila kulisoma, na naliona kuwa ndiyo mistari yenye faida kuliko yote katika ukurasa ule.

Mama wa muhogo anahitaji misimbo miwili. Chuma chake kimekatika, basi T84.1. Lakini kimekatika kwa nini? Bamba huwekwa kubeba mzigo kwa muda tu, mpaka mfupa uunge na ubebe wenyewe. Mfupa usipounga, bamba huendelea kupinda kidogo kila anapoinua ndoo, kila anaposukuma jembe, na hakuna chuma kinachostahimili hayo milele. Kwa hiyo andika pia M84.1, mfupa usiounga, au M84.13 ukiweka tarakimu ya kigasha. Ukiandika T84.1 peke yake utamlaumu aliyetengeneza bamba kwa jambo ambalo huenda lilitokana na usaha, sigara, kisukari, au mgonjwa kurudi shambani mapema. Usichanganye M84.1 na M96.0. Msimbo huo wa pili unazungumzia kiungo ambacho daktari alikusudia kukigandisha kikakataa kuganda, nao huwanasa makarani wengi kwa sababu katika orodha yametumika maneno yanayofanana.

Kuna ndugu wengine wa M84 mtakaokutana nao sana hapa West Nile, eneo letu la Arua na Koboko. M84.0 ni mfupa uliounga vibaya, umepinda, na wengi wa wagonjwa hao walianzia kwa mganga wa mifupa kijijini. M84.2 ni mfupa unaochelewa kuunga. Madaktari wengi husubiri miezi sita hadi tisa ndipo waseme haujaunga, kwa hiyo karani akiona operesheni ya miezi mitatu iliyopita na mtu ameandika M84.1, na arudishe faili kwa adabu aulize.

Palipo na usaha kwenye chuma, T84.6 ndiyo yake. Usaha ukishafika ndani ya mfupa, M86 huongezwa.

Mchuuzi aliyegongwa na lori ndiye rahisi kuliko wote, ajabu ni kwamba ndiye hukosewa upande wa pili: karani akiona chuma kwenye picha hukimbilia M96.6. Huyu ana ajali mpya kwenye mfupa mzima. Ni S52.3, na tarakimu ya tano ikionyesha 0 kwa ngozi isiyochanika au 1 kwa jeraha lililofika kwenye mfupa. Bamba la zamani lina msimbo wake wa kuarifu tu kwamba lipo, Z96.7. Mifupa yote miwili ikikatika katikati ni S52.4, karibu na kifundo, mfupa wa upande wa kidole gumba ni S52.5, karibu na kiwiko, upande wa kidole kidogo ni S52.0. S52.9 iachwe kwa yule ambaye kweli hakupigwa picha.

Kuna mahali ambapo watu wazima wenye ujuzi wanaweza kutofautiana. Dereva wa boda ameanguka kwa kasi kubwa, na mfupa umekatika kwenye ncha ya bamba. Je, ni ajali, S52, au ni M96.6? Ajali ile ingeweza kuvunja mkono wowote. Lakini pengine bila bamba mfupa ungevunjika mahali pengine, au usingevunjika. Mimi hupendelea kutazama nguvu: ikiwa ilitosha kuvunja mkono mzima, S52 itangulie na Z96.7 ifuate, ikiwa ni kuteleza, kuinua mtungi, kusukumwa na mtoto, M96.6 itangulie. Muhimu kuliko upendeleo wangu ni kwamba wodi nzima ikubaliane, kanuni iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani mwa chumba cha kumbukumbu. Kanuni isiyo kamilifu inayofuatwa na wote hutoa hesabu inayosomeka. Kila mtu akifuata akili yake, hesabu haina maana hata kama kila mmoja ana hoja.

Na aliyeondolewa chuma? Siku ya kuondolewa ina msimbo wake, Z47.0. Akirudi miezi miwili baadaye mkono umekatika kwenye tundu la skrubu, chuma hakipo tena, hivyo utarudi kwenye S52, lakini tafadhali andika kwa maneno: bamba liliondolewa tarehe fulani. Maneno hayo ni ya thamani. Mfupa huhitaji miezi kuyajaza matundu, na mabamba makubwa ya skrubu za milimita 4.5 huacha matundu mapana kuliko yale ya milimita 3.5 ambayo ndiyo yanayofaa kigasha cha mtu mzima. Hospitali ikiona wagonjwa hao wanarudi, itajua kama tatizo ni ukubwa wa mabamba yaliyokuwepo stoo au ni haraka ya kuyatoa. Kwa kigasha, bamba lisilomsumbua mtu ni afadhali libaki.

Usisahau sababu ya nje. M96.6 na T84 huongezewa Y83.1, yaani upasuaji wa kuweka kifaa ndani ya mwili. Msimbo huo haumshtaki daktari. Unaeleza tu tatizo limetokana na nini, na nimeona watu wakiuogopa bure. Kwa ajali mpya, pikipiki ziko kati ya V20 na V29. Dereva wa pikipiki aliyeanguka mwenyewe barabarani ni V28.4, abiria wake ni V28.5. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na lori barabarani ni V04.1. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe ni W14, na kila mtu aliyekulia Arua anajua msimu wa maembe unavyojaza benchi la chumba cha plasta.

Sasa onyo kuhusu simu zenu. Ukitafuta M96.6 kwenye intaneti, utakachopata kwanza ni toleo la Marekani, lenye M96.631 kwa mkono wa kulia, M96.632 kwa wa kushoto na M96.639 pale upande usipotajwa, na kwenye S52 kuna herufi mwishoni zinazosema kama mgonjwa amekuja mara ya kwanza au anarudi. Toleo hilo limetengenezwa kwa ajili ya hospitali za kule na malipo ya bima za kule. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani haina tarakimu hizo. Ukizinakili kwenye mfumo wetu zitakataliwa, au mbaya zaidi zitapokelewa na kumchanganya anayekuja baadaye. Funga ukurasa huo, tumia kitabu cha Shirika la Afya Duniani, na upande wa mkono uandike kwa neno: kulia, kushoto. Neno hilo lisikosekane hata siku moja, maana msimbo wenyewe hautakusaidia.

Wengine wataniuliza faida iko wapi, kwa kuwa katika hospitali ya serikali Uganda mgonjwa hatibiwi kwa bima ya taifa, na hakuna ofisi inayosubiri msimbo ili ilipe, tofauti na Kenya au Tanzania ambako bima hutaka karatasi. Tena ripoti zetu za kila mwezi kwenye DHIS2, mfumo ambao Uganda imeutumia nchi nzima tangu 2012, hukusanya majeraha katika mistari mipana. Bamba lililokatika kigashani halina mstari wake.

Jibu langu liko kilomita chache kusini mwa Arua mjini, Kuluva. Pale hospitali ya misheni, Dkt. Ted Williams na kaka yake Peter waliandika wagonjwa wao kwa uangalifu usio wa kawaida. Mwaka 1961 Williams alisafiri kwa gari na madaktari wenzake Denis Burkitt na Clifford Nelson kupita hospitali za Afrika Mashariki na Kati, wakiuliza wapi unaonekana ule uvimbe wa taya za watoto ambao leo una jina la Burkitt. Nyumbani West Nile, kumbukumbu za watoto wenye uvimbe huo kuanzia 1961 hadi 1975 zilikuwa na mahali mtoto alipoishi na wakati ugonjwa ulipoanza. Kwa hizo wataalamu wa takwimu waliweza kupima kama ugonjwa ulijikusanya mahali na wakati fulani, na matokeo yakachapishwa katika majarida ya dunia. Katika miaka ya 1970 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaja hapa hapa West Nile kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000 ili kuchunguza uhusiano wa uvimbe huo na kirusi. Wasingekuja kama hakuna aliyekuwa ameandika. Wala Kuluva haikuwa na kompyuta.

Kuna mfano wa karibu zaidi na mifupa. Shirika la SIGN, lililoanzishwa 1999 na daktari Lewis Zirkle katika mji wa Richland, Marekani, huzipa hospitali za nchi maskini misumari ya kuunganisha mifupa mirefu, hasa paja na muundi. Daktari akishatumia msumari huingiza taarifa na picha za mgonjwa kwenye hifadhidata ya shirika, na kwa taarifa hizo hupelekewa msumari mwingine. Hapo maandishi ndiyo yanayoleta chuma. Nasi tukitaka kwenda mbele ya NMS, bohari ya dawa ya taifa, au mbele ya mfadhili, tukiomba mabamba ya milimita 3.5 ya kutosha, hesabu ya M96.6, T84.1 na M84.1 ya miaka miwili itasema kuliko hotuba.

Kwa hiyo wodi iwe na daftari lake la vyuma, mbali na ripoti ya mwezi. Daftari la kawaida la duka linatosha. Andika namba ya mgonjwa, kijiji na parokia, mkono gani, mfupa upi, tarehe ya operesheni ya kwanza na ilipofanyika, aina ya chuma na idadi ya skrubu, kilichoshindwa, kisha misimbo. Kijiji kiandikwe hasa. Kwa mkimbizi, andika kambi na kanda anayokaa, Lobule, Rhino Camp au Bidi Bidi, kwa sababu neno “mkimbizi” peke yake halimwonyeshi mtu wa kumfuatilia pa kwenda. Tabibu na karani wakae pamoja mara moja kwa wiki, nusu saa, wapitie mafaili ya walioruhusiwa. Nusu saa hiyo ndiyo kazi yenyewe. Karani anayefahamu picha ya eksirei kidogo, na tabibu anayefahamu kwa nini S52.9 inaudhi, watamaliza ubishi wote humo.

Koboko kuna jambo la ziada. Mji uko jirani na Salia Musala, nchi tatu zinapokutana, na mgonjwa anayeingia asubuhi anaweza kuwa alipasuliwa Aru upande wa Kongo au Yei upande wa Sudan Kusini. Karatasi yake ya Kongo itakuwa kwa Kifaransa, na pale juu utaona CIM-10. Usiitupe. CIM-10 ndiyo ICD-10 hiyo hiyo kwa Kifaransa, na M96.6 ya Aru ni M96.6 ya Koboko. Asili yake yenyewe ni Mfaransa, Jacques Bertillon, aliyewasilisha orodha yake ya sababu za vifo mjini Chicago mwaka 1893. Vivyo hivyo unapompeleka mgonjwa Arua, hospitali ya rufaa, andika msimbo na maneno pamoja kwenye barua ya rufaa. Nambari pekee ikikosewa tarakimu moja, M84 ikawa M94, hakuna wa kuisahihisha. Palipo na maneno, kosa huonekana.

Nanyi mliowekewa vyuma, au mnaomuuguza mzazi au mtoto aliyewekewa, daftari mnalolinunua kwa ajili ya maandishi ya hospitali lisitupwe mkono ukipona. Kabla ya kuruhusiwa mwombeni daktari aandike humo mfupa gani uliwekewa chuma, chuma gani, tarehe gani. Picha ya eksirei ihifadhiwe mahali pakavu. Mkono ukianza kuuma upya bila kuanguka, au usaha ukitoka penye kovu, nendeni na daftari hilo mapema, msingoje chuma kikatike. Na mkiulizwa mliangukaje, semeni kweli hata kama kijana alikuwa amebeba abiria watatu, kwa kuwa daktari anapima nguvu ya ajali ili ajue kama mfupa ulikuwa dhaifu.

Kwa wafanyakazi, siri ya mgonjwa ilindwe. Uganda ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, na picha ya eksirei yenye jina haina kazi kwenye kundi la WhatsApp hata kama lengo ni kuomba ushauri kwa daktari mwenzako. Funika jina kwanza.

Mwisho, ICD-11, toleo linaloifuata ICD-10. Ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na mtakutana nayo kwenye mafunzo. Humo kigasha kilichovunjika ni NC32, na upande wa mkono hatimaye umepata msimbo wake unaounganishwa kwa alama: XK9K kwa kulia, XK8G kwa kushoto. Hospitali yenu itakapohamia huko, msirudi nyuma kubadilisha misimbo ya vitabu vya zamani. Pigeni mstari kwenye daftari la vyuma, andikeni tarehe ya kubadili, na chini ya mstari muanze kwa msimbo mpya. Juu ya mstari pabaki palivyo.